Majani Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Hadithi hii imenifikia kutoka kwa mtu anayeuza maua, nikaisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Naipitisha kama ilivyo. Ukiimaliza kuna mtu utamkumbuka. Mtumie na yeye.

Kule Lushoto, milimani kwenye baridi, palikuwa na mama mmoja mwenye kitalu cha miche, jina lake Bi Nyange. Aliuza miche ya kila aina, lakini mti mmoja alikataa kuuuza hata abembelezwe vipi. Ulikuwa mti wa Kijapani uitwao mepo, wa ile aina fupi, uliopandwa kwenye bakuli la udongo lenye kina cha kiganja tu. Wenyewe ufundi huo wa kukuza miti mifupi wanauita bonsai. Mti ulikuwa na miaka ishirini na sita, na kimo chake hakikufika gotini. Majani yake madogo yalichanua kama vidole vya mtoto mchanga.

Aliyeupanda ni marehemu mumewe. Tawi la chini kabisa alilikunja kwa waya kwa mkono wake mwenyewe, wiki chache kabla ya kufariki.

Mwezi wa tano Bi Nyange akaugua. Madaktari wa Dar es Salaam wakamwambia matibabu yake ni wiki kumi na mbili, na hakuna kurudi nyumbani katikati. Akamwita mfanyakazi wake, Mhina, baba wa watoto wawili kutoka Handeni, ambaye alikuwa na miezi saba tu hapo kitaluni.

"Mhina, mwanangu, nakuachia huu. Jua la asubuhi, mchana kivuli. Maji ni mpaka udongo wa juu ukauke. Uguse kwa kidole kwanza. Usimwagilie kwa mazoea."

"Nimeelewa, mama."

"Nikirudi nikaukuta mzima, kitalu nakukabidhi wewe ukiendeshe. Mimi nimechoka."

Jioni ile Mhina alirudi kwake, nyumba ya nyuma ya kitalu, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mkewe, Zaituni, alimuuliza mara tatu anacheka nini.

Mwezi wa sita majani yakageuka mekundu, mekundu ya kupendeza, na Mhina akadhani ni uzuri wake tu. Kisha baridi ya mwezi wa saba ikaingia. Asubuhi moja akakuta majani matatu chini ya bakuli. Kesho yake, ishirini.

Sasa, kwao Handeni, nchi ya joto, mti ukipukutisha majani sababu ni moja tu: kiu. Mhina hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, na kidole hakikugusa udongo tena. Majani yakazidi kuanguka. Akauingiza mti jikoni, karibu na jiko la mkaa, upate joto. Akauongezea samadi. Huruma yote aliyokuwa nayo aliimwaga kwenye lile bakuli, maskini, na mti ukabaki vijiti.

Majani yaliyoanguka hakuweza kuyatupa. Aliyaokota moja moja, akayatia ndani ya mkebe wa biskuti, akaufunika na kuusukuma chini ya kitanda.

Kila Ijumaa Bi Nyange alikuwa akipiga simu.

"Mti wangu haujambo?"

"Haujambo kabisa, mama."

"Majani je?"

"Yapo, mama. Yanapendeza."

"Hakuna lililodondoka?"

"Hata moja."

Zaituni, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, aliweka ungo chini.

"Mwambie ukweli, baba Saumu."

"Mgonjwa yule? Unataka nimuue?"

"Na akirudi?"

Wiki nzima Mhina alizunguka na simu mkononi. Alikuwa akishtuka kila simu inapolia, hata ya jirani. Alikiona kitalu kikimponyoka, akijiona anafunga virago na watoto nyuma yake.

Ijumaa iliyofuata Bi Nyange akauliza tena, safari hii taratibu. "Nenda ukaangalie vizuri, mwanangu, kisha unijibu."

Mhina hakwenda popote. Alihesabu mpaka kumi, akasema, "Nimeangalia, mama. Yote yapo."

"Haya," akasema Bi Nyange, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Jumatano yake, saa nne asubuhi, simu ikalia. "Niko Mombo," alisema Bi Nyange. "Napanda huko."

Zilikuwa zimebaki wiki nne za matibabu. Na kutoka Mombo mpaka Lushoto ni mwendo wa saa moja tu.

Mhina akapagawa. Aliuvuta ule mkebe kutoka chini ya kitanda, akatafuta gundi ya watoto ya shule, akaanza kubandika majani kwenye vijiti. Yalikuwa yamekauka, mengi yakamvunjikia mkononi. Kijasho kilimtoka na baridi yote ile. Gari liliposimama getini alikuwa amebandika saba, tena mawili juu chini.

Bi Nyange akaingia ameshikilia ukuta. Alikuwa amekonda, kanga imemzidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye mti. Jani moja likabanduka, likaanguka mbele yao wote wawili.

Mhina akapiga magoti, akafunua mkebe. "Mama, nimekuulia mti wako. Majani yake ni haya."

Bi Nyange akachungulia ndani. "Yalianza kudondoka lini?"

"Mwezi wa saba ulipoingia."

"Yakaisha yote?"

"Yote, mama. Nisamehe."

Bi Nyange akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Mhina alidhani analia. Alipojifunua, alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mti huu asili yake ni nchi za baridi. Kila baridi ikija unavua majani, unalala. Mwezi wa tisa unaamka. Miaka ishirini na sita sijakosa kuuona uchi. Kosa langu ni kwamba sikukwambia. Nilisahau kuwa baridi yetu hujawahi kuiona."

Mhina akautazama mti.

"Uliponiambia majani yapo, Mhina, ndipo nilipoogopa. Nilijua haiwezekani. Nikasema, ama mti umeumwa ukashindwa kulala, ama umevunjika, ama umeibiwa na huyu ananificha. Kule kitandani sikupata usingizi. Nimeacha dawa zangu, nimekuja kujionea mwenyewe."

"Ungeniambia kwenye simu, mama."

"Ungebadilisha jibu. Ningejuaje la kweli ni lipi?"

Akaukwaruza mti kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa kijani, mti ulikuwa hai. Lakini alipofika kwenye lile tawi la chini, ukucha ulitoka na vumbi la kahawia. Akafukua udongo kidogo. Mizizi ya upande ule ilikuwa myeusi, inanuka.

"Hili halikuuawa na baridi," alisema polepole. "Ni maji."

Akampa Mhina mkasi alikate yeye mwenyewe. Mhina alilikata akilia wazi wazi. Bi Nyange akalichukua, akalifunga kwenye pindo la kanga. Habari ya kitalu hakuna aliyeigusa.

Kesho yake akarudi Dar. Madaktari walimgombeza, wakamwongezea wiki.

Ijumaa simu ikalia. Mhina aliitazama ikilia mara nne kabla ya kuipokea.

"Mti wangu haujambo?"

"Una hali mbaya, mama," alisema Mhina. "Jani hauna hata moja. Kidonda cha tawi bado kibichi. Na jana nilijisahau, nikamwagilia kabla ya kugusa udongo."

Kisha akasikia Bi Nyange anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Leo nitalala," alisema. "Funguo za kitalu ziko nyuma ya saa ya ukutani. Zichukue."

Funzo: Anayekutegemea humlindi kwa kumpa habari tamu, mwambie ilivyo, kwa sababu hilo unaloliogopa kulisema huenda ndilo ambalo lingempa usingizi.