Neno la Kumi

Hii nimeipokea asubuhi, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome, kisha mpe mwenzako.

Palikuwa na tajiri mmoja Myahudi, jina lake Zeliki, aliyetoa mali yake kujenga masinagogi na shule za Wayahudi wenzake katika nchi za mbali. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu. Kila alikokwenda alipokewa kwa vigelegele.

Safari moja alifika kwenye kilima chenye masinagogi mawili. Katika lile la juu, la Mzee Uzieli, wanaume na wanawake waliketi kila mmoja upande wake, kama Zeliki alivyozoea kwao. Katika lile la chini, la Mwalimu Yairi, waliketi pamoja, na mabinti walisoma Torati mbele ya watu. Paa la shule ya Yairi lilikuwa linavuja, na mwalimu alikuwa ameungoja ugeni huo tangu masika.

Zeliki alichungulia tu, akatikisa kichwa. "Mwalimu, sivyo alivyonifundisha mama yangu. Fedha yangu haitaingia hapa."

"Tumesikia, bwana," akajibu Yairi, akamsindikiza mpaka njiani.

Kesho yake ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama yake Zeliki. Siku hiyo, kila mwaka, mwana humsomea mzazi wake sala ya wafu, na kwa desturi ya kina Zeliki haisomwi mpaka watimie wanaume kumi. Zeliki alikuwa amemwahidi mama yake, akiwa kitandani anakata roho, kwamba hataikosa hata mara moja.

Alasiri wakakusanyika kwa Mzee Uzieli. Watu hawa hawahesabiani kwa namba. Hutamka aya ya zaburi yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Mzee akapita akitamka, na aya ikakatikia njiani. Neno la mwisho, "milele", lilikosa mtu, kwa kuwa mmoja wao alikuwa amelazwa hospitali.

"Hakuna mwingine?" Zeliki akauliza.

"Aliye karibu ni mmoja tu," akasema Mzee Uzieli. "Yule uliyemnyima jana."

Zeliki akainamisha kichwa kwa aibu. Jua lilikuwa linazidi kushuka, na kwao siku huisha jua linapozama. "Mwiteni," akasema, "ingawa najua hatakuja."

Haukupita muda, Yairi akaingia, vidole vyake bado vina vumbi la chaki, akasimama mwisho wa safu. Mzee akaianza aya upya, na ilipomfikia Yairi ikatimia. Zeliki akasali huku akilia kama mtoto.

Walipotoka akamshika mkono. "Mwalimu, mimi nilikukatalia. Kwa nini umekuja?"

"Sikuja kwa ajili yako, bwana. Nimekuja kwa ajili ya mama yako. Yeye hajanikosea kitu."

Mvua zilizofuata zilikuta paa jipya juu ya shule ya Yairi, na chini yake mabinti wakisoma Torati vilevile kama zamani.

Funzo: Ukiwasaidia watu wako, usiwachague wanaofanana nawe tu, kwani unayemfungia mlango leo huenda ndiye atakayeitimiza sala yako kesho.