Sheikh Muhriz na Haja Yake kwa Amiri

Imepokewa kutoka kwa watu wa zamani, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na mji ambao watu wake walijichagulia amiri wao kwa shura. Kila Alhamisi baada ya Alasiri amiri alikaa barazani kusikiliza haja za raia. Ikiadhiniwa Magharibi, baraza limefungwa. Ambaye hajasema angoje wiki ijayo. Na katika adabu za watu wale, anayemhimidi Mola na kumsalia Mtume hakatizwi mpaka amalize mwenyewe.

Hapo ndipo Sheikh Muhriz alipopata mlango wake. Alikuwa mcha Mungu kweli, mtu wa saumu na ibada, ila alijaaliwa sauti nzuri, naye alijua hivyo. Kila Alhamisi alisimama wa kwanza, akahimidi, akasalia, akazipitia neema za Mola moja moja kuanzia mvua hadi uimara wa kuta za mji, kisha akawaombea viongozi. Watu wakalia. Amiri, aliyechaguliwa na watu hao hao waliokuwa wakilia, akalia pia. Katibu wa baraza, kwa kuwa hakusikia haja yoyote ya kuandika, aliandika daftarini mbele ya jina lake: "Amesema vizuri."

Ikatokea Alhamisi moja kadhi mkuu amefika mjini na kuketi kando ya amiri. Muhriz alikuwa ameyapanga maneno yake kwa siku tatu. Karibu naye, nyuma ya nguzo, alikaa ajuza mmoja mjane, Bi Rumaysa.

"Wewe ndiye unayesema kila wiki?" akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Ndimi, mama," akajibu Muhriz, akajiweka tayari kusifiwa.

"Masikini mwanangu. Wiki mbili nakusikia ukisimama, na bado hawajakupa unachotaka. Nakuombea kila baada ya swala."

Muhriz akatafuta la kusema, naye hakuzoea kutafuta. Mwisho akauliza, "Na wewe, mama, umeleta haja gani?"

"Mwanangu Haritha ameandikwa jeshini, na sina mwingine. Wanasema mtoto wa pekee wa mjane hapelekwi mpakani, ila idhini aitoe amiri mwenyewe. Mara mbili adhana imenikuta sijafikiwa. Kesho alfajiri wanaondoka." Akamgusa mkono. "Lakini tangulia tu, baba. Naona haja yako ni kubwa kuliko yangu."

Katibu akaita jina la Muhriz, wa kwanza kama ada. Muhriz akasimama. Kadhi mkuu akainama mbele ili asikie vema. Papo hapo maneno mapya yakamjia, mazuri kuliko yale ya siku tatu: juu ya haki za wajane, juu ya unyenyekevu, juu ya mtu anayempisha mwenziwe kwa ajili ya Mungu. Yangetosha kuwaliza hata walinzi wa mlangoni. Akaitambua nafsi yake ni ile ile, imebadilisha kanzu tu.

"Sina haja, Amiri," akasema. "Wala wiki zilizopita sikuwa nayo. Zamu yangu apewe mama huyu."

Akaketi, masikio yakimwaka moto.

Katibu akabaki na kalamu hewani. "Niandike nini, Sheikh?"

"Andika hivyo hivyo nilivyosema."

Maneno ya Bi Rumaysa hayakuzidi muda wa kuchonga kalamu. Amiri akatia muhuri. Baada yake wakasikilizwa watu kumi na wawili, na katibu akalalamika kwamba mkono unamuuma.

Jua lilipotua na swala ikaswaliwa, Muhriz akamshika mkono ajuza yule kumpeleka kambini akamchukue mwanawe. Njiani Bi Rumaysa akamsimulia Haritha tangu kuzaliwa: surua yake, meno yake, mbuzi aliyempenda. Kilio na kicheko vikapishana. Hakuwa mtu wa habari fupi. Muhriz alisikiliza mpaka langoni, na wapokezi wa kisa hiki wanasema hakutia neno ila "Enhe, mama."

Nasi tunaosimama mbele ya viongozi wetu, Mola atujaalie kuijua haja yetu kabla ya kuomba nafasi. Na tusipokuwa nayo, atujaalie utamu wa kukaa kitako.