Chui Alipopitishwa Joshoni

Wajukuu zangu, hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na meko yao, palikuwa na zahanati kando ya josho, lile birika la kuogeshea mifugo dawa. Asubuhi moja walikuwepo hawa: Daktari Pimbi, mwenye zahanati, mfupi kuliko meza yake, Mama Sikitu, mbuzi mweupe, mwanawe Sikitu, aliyevunjika mguu na kufungwa gango la vijiti, Binti Paka, aliyeumwa sikio, na Mzee Tumbusi, ndege mla mizoga, aliyekuja kubadilishiwa bandeji ya bawa. Nawataja wote, maana siku hizi watu husema tu "wanyama fulani", na hilo si sawa.

Siku zile harufu ya dawa ya kupe ilikupokea tangu njiani, ukajua unakaribia mahali ambapo mtu atakuuliza unaumwa wapi.

Gu! gu! gu! Chui akaingia bila kungoja karibu.

"Shikamoo, Bwana Chui," akasema Daktari Pimbi, akiendelea kuviringa bandeji. "Unaumwa wapi?"

"Naumwa njaa! Nipe hicho kitoto cha mbuzi, la sivyo nawala wagonjwa na mganga wao!"

"Meee!" Mama Sikitu akamkumbatia mwanawe. Kwa mguu ule, Sikitu asingeweza kukimbia hata hadi mlangoni.

"Mchukue," akasema Daktari Pimbi.

"Daktari!"

"Tulia, mama. Ila, Bwana Chui, ni wajibu wangu kukwambia: huyu jana nimemnywesha dawa ya minyoo. Nyama yake hailiwi mpaka dawa imtoke mwilini. Anayeila mapema hunyonyoka manyoya."

"Ala! Nenda katishie watoto!"

"Basi mtazame Mzee Tumbusi."

Mzee Tumbusi akanyoosha shingo taratibu, upara ukang'aa.

"Lahaula, mwanangu! Nilikuwa na kishungi kichwani mimi, wasichana wananisimamisha njiani! Nikala pande moja tu la ndama aliyenyweshwa dawa. Kulipokucha, pukupuku! Chote mkekani. Mke wangu akaniuliza, 'Wewe mgeni, umetoka wapi?'"

Binti Paka akaufunika uso wake, mabega yakimtikisika.

Chui akayatazama mabaka yake. Hakuna aliyeyapenda kuliko yeye mwenyewe.

"Hakuna kinga?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ipo. Upite joshoni kwanza. Lakini ninyi wakubwa mnaogopa maji."

"Nani anaogopa? Mimi?"

Akajitia katika kichochoro cha magogo kinachoelekea joshoni, chembamba hata aliyeingia hawezi kugeuka. Daktari Pimbi akateremsha gogo nyuma yake: kwa!

"Daktari, mbona pananibana?"

"Songa mbele, bwana. Ndama hupita hapo bila kulalamika."

Chubwi! Chui akazama mpaka masikio, akaibukia ng'ambo akipiga chafya, ananuka dawa kuanzia puani hadi mkiani.

"Hachii! Sasa nimle?"

"Ukauke kwanza. Lala juani, ugeuke upande huu na huu. Ukila ukiwa umelowa, kinga haishiki."

Chui akajinyoosha juu ya jiwe, akijigeuza kwa uangalifu ili mabaka yakauke sawasawa, mpaka usingizi ukamchukua. Mama Sikitu akambeba mwanawe mgongoni, wakatokea mlango wa nyuma, na wenzao wakawafuata.

Chui alipoamka, zahanati ilikuwa tupu. Akanguruma, akawafuata mbio. Lakini harufu ikamtangulia.

"Joshoo! Joshoo linatembea!" wakapiga kelele mbuzi, wakaparamia mawe. Swala wakatimka. Hata kanga waliruka mapema. Masika yote Chui akala panzi, kisha akahamia milima ya mbali.

Sikitu akapona, akawa anateremka kilima kwa kuruka, gango lake akalirudisha mwenyewe kwa daktari.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: mkubwa anayejipenda kupita kiasi huweza kuongozwa na mdogo mwenye akili.

Josho lile sasa limejaa mchanga, na nyasi zimeota katika kichochoro. Daktari Pimbi alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, akiwa nyumbani kwake.