Utepe Mwekundu wa Malkia

Kinyozi hakuwa na cheti cha upambaji. Hakuwa na kioo chenye taa pembeni, wala sanduku la brashi, wala mjomba katika halmashauri ya ukumbi wa maigizo. Alichopungukiwa zaidi ni neno "nisaidie", ambalo halikuwahi kupita kinywani mwake. Alichokuwa nacho ni mkono mwepesi, na dada yake mkubwa, mwigizaji, aliyemwombea nafasi ya kubuni sura ya malkia wa kale katika mchezo mpya. Sura hiyo ikifaa, angeajiriwa. Isipofaa, angerudi kunyoa ndevu za watu.

Alifanya kazi kwa bidii ya mchwa. Katika jumba la makumbusho alinakili mchoro mkongwe wa malkia: nyusi zilizonyolewa, vitone vyeupe mashavuni, na utepe mwekundu uliopita juu ya macho kutoka sikio hadi sikio. Alisaga udongo mwekundu, akauchanganya na mafuta, akampaka dada yake mbele ya kioo. Dada akajitazama, akatabasamu kwa kuridhika.

Siku ya mazoezi, malkia aliingia jukwaani katika onyesho la maombolezo ya usiku, chini ya taa za buluu. Ule wekundu ukageuka mweusi tititi.

"Huyu ni malkia, au mwizi kajifunga kitambaa?" mpiga ngoma akauliza. Waigizaji wakaangua kicheko.

Mwongozaji hakucheka. "Kesho jioni nitaitazama sura hii tena," alisema. "Ikiwa hivi hivi, nitamwita mpambaji mwingine."

Kinyozi akaongeza udongo. Utepe ukazidi kuwa mweusi.

"Mdogo wangu, unazidi kuniharibu," dada alimwambia. "Tatizo liko kwenye taa, na mwenye taa unamjua."

Alimjua sana. Fundi wa taa alikuwa mume wa dada huyo, na Kinyozi alimpinga tangu siku ya posa, akisema kwamba hana mbele wala nyuma. Tangu hapo walisalimiana kwa kukohoa.

Asubuhi Kinyozi alimwendea, shingo ngumu kama ya ng'ombe asiyetaka kamba. Fundi alikuwa juu ya ngazi.

"Shemeji," Kinyozi akaita. "Nimekwama. Nisaidie."

Fundi akageuka polepole. "Rudia, huku juu sauti haifiki."

"Inafika."

"Inafika, ila ni tamu. Rudia."

Akarudia. Fundi akashuka akicheka. "Haya, jipake wewe mwenyewe, ukae pale katikati. Mke wangu atakaa kiti cha nyuma kabisa, atuambie anaona nini."

Kinyozi akakaa jukwaani, amepakwa kama mke wa mfalme, huku shemeji yake akibadilisha taa.

"Bado mwizi," dada alisema kutoka nyuma.

Kinyozi akaupunguza wekundu kwa udongo mweupe, akauzungushia utepe mstari mweupe mwembamba.

"Sasa ni mwizi msafi."

Ndipo Fundi alipowasha taa ya manjano ubavuni, iguse uso tu. Utepe ukawa mwekundu, na ubuluu wa usiku ukabaki nyuma yake. Dada akainuka kitini. "Huyo ni malkia," akasema, "ingawa ana ndevu."

Jioni dada alipoingia jukwaani, mpiga ngoma alimpigia mdundo wa heshima. Mwongozaji aliutazama ule uso, kisha ile taa.

"Wazo la taa ya ubavuni ni la nani?" akauliza.

Watu wote walikuwa wakisikiliza. Kinyozi angeweza kusema "letu" na kuishia hapo.

"La shemeji yangu," alijibu. "Mimi nilishindwa, nikamwendea."

"Wapambaji wawili waliokutangulia waligombana naye mpaka michezo ikaharibika," mwongozaji alisema. "Mimi namtaka mpambaji anayejua njia ya kwenda kwa fundi wa taa."

Akaketi papo hapo, akaiandikia halmashauri kwamba Kinyozi aajiriwe. Akaitia barua katika bahasha, akaifunga kwa gundi, akampa tarishi aipeleke. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.