Kimeng'enya cha Kuonyesha Wageni

Wapendwa, leo msitegemee mfano wa jembe na mbegu. Leo twendeni maabara.

Kulikuwa na fundi mmoja wa maabara, mtu wa koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Yeye na mkuu wake, mama mmoja profesa, walikuwa wakichunguza majani ambayo akina mama wa kwao huwachemshia wagonjwa wa sukari. Je, yanasaidia kweli, au ni uchungu mtupu? Ili wajue, ilibidi waagize kimeng'enya cha binadamu, kile kinachovunja wanga tumboni kuwa sukari, waone kama majani yanakizuia. Msishtuke, hakuna aliyepasuliwa! Wataalamu huchukua maelekezo ya mwili wetu, wakawapa bakteria, na bakteria wakakitengeneza bila kuuliza maswali.

Kikaja kichupa kimoja, hakizidi kidole gumba, kimefungwa kwenye barafu pamoja na karatasi: kigawe leo hii katika vichupa vidogo vidogo, kigandishe, kisha siku ya kazi toa kimoja tu. Kikiyeyushwa na kugandishwa tena na tena, kinakufa.

Fundi alisoma yote. Lakini alipokitazama, roho ikamwambia, "Nikikigawa, nitawaonyesha watu nini?" Akakitia friza kizima kizima.

Basi ikawa sherehe. Wakija wanafunzi, anakitoa. Akija mkaguzi, anakitoa. Shemeji yake alipita kusalimia tu, akakitoa!

"Shemeji, unaona hiki? Mkoa mzima hakuna kingine."

"Mbona kama maji?"

"Maji hayo? Hayo yana kazi!"

Na profesa akimwuliza, "Tunaanza lini, baba?" alikuwa anajibu, "Tusiwe na haraka, Mama. Kitu cha thamani hiki."

Ikafika siku ambayo wafadhili walikuja kuona jaribio la kwanza kwa macho yao; likishindikana, utafiti unafungwa. Fundi akachanganya wanga na kimeng'enya, kwanza bila majani, akangoja, kisha akadondosha iodini. Wanga ukishavunjwa, iodini haigeuki bluu. Ikageuka bluu! Akarudia. Bluu ileile.

"Wametuuzia maji!" akafoka. "Au huyu dada wa usafi amechomoa friza achaji simu yake!"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na fagio. "Mimi? Kaka, friza lako hata mpini wake naogopa kuushika. Si kuna daftari?"

Kweli, pale kila anayefungua friza huandika jina na sababu. Profesa akalichukua, akasoma kwa sauti. "Tarehe tatu, kuonyesha wageni. Tarehe tano, kuonyesha wageni. Tarehe saba, kuonyesha shemeji." Mistari arobaini na mmoja, sahihi moja. Sahihi ya nani, wapendwa? Semeni tu, msimwonee haya!

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuwageukia wafadhili, alimgeukia yule dada. "Nisamehe, dada yangu. Nimekiua mimi."

Mfadhili mmoja akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni. "Mama Profesa, agizeni kingine. Mtu anayekiri kosa mbele ya bosi wake na mbele ya anayefagia hawezi kutudanganya kwenye matokeo. Ila akigawe!"

Mnacheka? Chekeni, kisha tujitazame. Sisi tuliopewa upole, tunautunzia nani? Mgeni akibisha hodi, tunautoa: "Karibu, mgeni! Mke wangu kipenzi, mletee mgeni chai." Mgeni akiaga, tunaurudisha kwenye barafu. Maombi matamu tunayatoa siku ya kipaimara. Subira tunaitoa akija mchungaji. Kisha siku ndoa inapoumwa kweli tunaikimbilia ile subira, tunakuta imekufa, na tunamlaumu shetani! Jamani, shetani wa watu, hata funguo za friza hilo hana.

Hatukupewa vitu hivi vya kupigia picha. Tulipewa tuvigawe vidogo vidogo, kimoja kwa kila siku ya kazi. Leo ukifika nyumbani hutakuta mgeni. Utamkuta mkeo amechoka, na sufuria zimejaa. Mfungue ile kanga aliyojifunga juu ya gauni kwa kupikia, umwambie akae. Kisha osha wewe, na usimwite mtu yeyote aje kuona.