Bi Pimbi na Siri ya Michembe

Zamani hizo za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kulima mashamba, palikuwa na majirani watatu. Wa kwanza ni Nyati, mwenye pembe. Wa pili ni Kifaru, mwenye nguvu nyingi na macho mabovu. Wa tatu ni Bi Pimbi, mjane, mdogo kiasi cha kutosha ndani ya kikapu.

Bi Pimbi alikuwa na watoto wawili. Kabla ya hapo walikuwa watatu.

Ilikuwaje? Ilikuwa hivi. Mwaka wa njaa kubwa, Bi Pimbi peke yake ndiye aliyekuwa na akiba. Alikuwa na mtungi wa kunde na magunia mawili ya michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke kama vijiti. Nyati na Kifaru hawakuwa na kitu. Basi siku moja wakaja. Hawakupiga hodi. Puu! Mlango chini. Wakala kwa mlo mmoja chakula cha miezi minne, wakajifuta midomo, wakaenda zao.

Kitinda mimba wa Bi Pimbi, jina lake Mashavu, hakuiona mvua iliyofuata.

Mvua ilinyesha, mashamba yakajaa viazi na kunde. Bi Pimbi akameza uchungu wake, akaenda kwa Nyati.

"Jirani, mwaka huu viazi ni vingi. Kata, anika, weka."

"Ha ha haa! Mimi nikae nakata vipande? Hiyo ni kazi ya vidole vidogo kama vyako. Njaa ikirudi..." Akaitazama nyumba ya Bi Pimbi, akameza mate. Gudu!

Bi Pimbi aliyaona mate yale yakishuka kooni. Akaenda kwa Kifaru. Kifaru naye akacheka, naye akauliza, "Kwani wewe mwaka huu utaweka wapi?"

Bi Pimbi akarudi nyumbani miguu mizito. Akawaza: "Nikijaza gunia moja, nimemjazia Nyati. Nikijaza mawili, la pili la Kifaru. Nitafanyaje mimi?"

Akawaza, akawaza. Kesho yake asubuhi akampitia Nyati tena, safari hii akitembea kwa kunyata na kugeuka nyuma kila hatua.

"Una nini wewe?" Nyati akauliza.

"Ssss! Taratibu. Nyumbani kwa Kifaru kuna nini siku hizi?"

"Kuna nini?"

"Mimi sijui. Jana nimepita, nimesikia uani: kacha, kacha, kacha! Nikamuuliza, 'Mzee, unakata nini?' Akasema, 'Sikati kitu.' Sasa kama hakati kitu, ule mlio unatoka wapi?"

Masikio ya Nyati yakasimama. "Anakata viazi!"

"Mimi sikusema viazi."

"Kifaru mvivu vile akate viazi? Amesikia jambo! Amesikia njaa inakuja, akaninyima habari!"

"Jamani, usiseme umesikia kwangu," alisema Bi Pimbi, akaondoka upesi.

Ulikuwa uongo, watoto wangu. Kifaru wakati huo alikuwa amelala anakoroma. Lakini jua halijapanda vizuri, Nyati alikuwa amejifungia uani na kisu: kacha, kacha, kacha!

Bi Pimbi akaenda kumwamsha Kifaru.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Napita tu. Hebu sikiliza. Unasikia nini kule kwa Nyati?"

Kifaru hakuwa na macho mazuri, lakini masikio alikuwa nayo. Akayageuza huku, akayageuza kule.

"Kacha kacha," akasema polepole. "Anakata viazi. Uani, mlango umefungwa! Kwa nini afunge mlango?"

"Mimi nitajuaje, mzee wangu?"

Siku hiyohiyo Kifaru naye akanoa kisu.

Basi pakawa hapakaliki. Nyati akipita njiani anamchungulia Kifaru, Kifaru akipita anamnusa Nyati.

"Habari za nyumbani, Kifaru?"

"Nyumbani hakuna kitu!"

"Sijauliza kitu, nimeuliza habari. Mbona mikono yako myeupe?"

"Vumbi. Na wewe, hilo jani la kunde kwenye pembe?"

"Upepo!"

Hmm! Kila mmoja akaenda kwake akaongeza gunia. Bi Pimbi akipita, Nyati anamvuta pembeni: "Leo yule anafanya nini?" Naye anasema, "Nimemwona na majivu. Labda anachanganya na kunde ili fukusi wasiingie." Jioni Nyati anachanganya kunde na majivu. Kesho yake Kifaru ananusa majivu, naye anachanganya.

Huku Bi Pimbi na wanawe wakikata na kuanika juu ya miamba, kidogo kidogo, kila siku ungo mmoja. Hakuna aliyewatazama. Majirani walikuwa na kazi ya kutazamana.

Alasiri moja jua likafifia. Kifaru akatoa pua nje. "Wingu gani hili lina mlio?"

Vuuuuuu!

"Nzige!" Bi Pimbi akapiga yowe kutoka juu ya mwamba. "Fungeni milango! Zibeni madirisha!"

Nzige wakashuka. Chwa, chwa, chwa, siku tatu. Walipoinuka, nchi ilikuwa imenyolewa. Jani moja halikubaki, na mvua ilikuwa miezi minne mbele.

Nyati alikula chake. Kifaru alikula chake. Bi Pimbi alipimia wanawe kibaba asubuhi na kibaba jioni, na usiku walilala. Mlango wao haukuguswa.

Mvua ilipokaribia, Nyati na Kifaru wakakutana kisimani, wamekonda lakini wazima.

"Ulijuaje nzige watakuja?" Nyati akauliza.

"Mimi? Wewe ndiye uliyeanza kukata!"

"Wewe! Bi Pimbi alikusikia."

"Alinisikia? Siku hiyo aliniamsha yeye!"

Wakatazamana. Kisha wote wawili, kishindo kwa kishindo, mpaka kwa Bi Pimbi.

"Pimbi! Ulitudanganya!"

Bi Pimbi alitoka, akasimama mlangoni mbele ya pembe zile.

"Nilidanganya mara mbili tu," akasema. "Nyingine zote mlijidanganya wenyewe."

"Kwa nini usiseme ukweli?" Nyati akanguruma.

"Niliwaambia ukweli mkacheka. Nikawaambia uongo, mkafanya kazi. Na mimi nimeshazika mtoto mmoja kwa sababu yenu. Wa pili sikuwa tayari kumzika."

Kifaru akainamisha kichwa. Nyati akakwaruza chini kwa ukwato.

"Basi," Nyati akasema mwishowe, sauti ndogo, "mwaka huu tuanike nini?"

"Mtama. Na mchimbe mashimo ya kukingia maji ya mvua."

Kifaru akakunja pua. "Huo ni ukweli, au uongo mwingine?"

"Chimbeni kwanza," alisema Bi Pimbi, "mtajua baadaye."

Wakaenda wakitazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akiharakisha ili awahi jembe.

Jiandae mapema, na jirani yako naye ajiandae, maana njaa ya jirani haipigi hodi.