Kisanduku Kilicholia Lundoni kwa Kifaru

Jamani, mpo?

Tupo!

Nimekuja na uongo wangu.

Utue chini tuutazame!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliyeegemea chungu changu, sogea.

Palikuwa na Fuko. Mdogo, mweusi, macho kama ufuta, makucha kama majembe. Aliishi ndani ya kilima. Humo alilea wanawe, humo aliweka mizizi yake ya kiangazi, humo alimzika mama yake. Na chini ya kilima ilitoka chemchemi, mbuga nzima ikinywa hapo.

Siku moja wakashuka Korongo. Hawa huja kila mwaka kutoka nchi za baridi, wakala nzige wetu, wakaondoka bila kuaga. Mwaka huo walikuja na kisanduku.

"Huko kwetu watu wamechoka na moshi," akasema mkubwa wao. "Sasa wanachemsha maji kwa mawe ya manjano, na taa zinawaka. Kila nchi inajenga jiko lake, na kila jiko linataka mawe. Kisanduku hiki kikiyakaribia, kinalia."

Kifaru akasikia. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mbuga: pembe mbele, tumbo nyuma, macho hayaoni hata ncha ya pua yake.

"Na mimi nitapata nini?"

"Majani mabichi, masika na kiangazi."

Kifaru akameza mate, gulu! Akatoa sheria palepale: "Kisanduku kikilia, mwenyeji ahame! Mkubwa kwa mdogo, ahame!"

Kikapitishwa. Kwa Swala, kimya. Kwa Ngiri, kimya. Kilimani kwa Fuko: ti... ti... ti...

"Umesikia, bi mdogo," akasema Kifaru. "Kesho kutwa uhame."

"Niende wapi, mheshimiwa?"

"Ardhi ni kubwa."

"Na chemchemi?"

"Mtaramba umande. Ndiyo maendeleo."

"Na mama yangu aliyelala humu?"

"Naye ahame!"

Fuko hakulia. Alinyanyua pua, akanusa upande wa kwa Kifaru. Maana mnajua tabia ya kifaru: hajisaidii ovyo. Ana mahali pake pamoja, leo hapo, kesho hapo, kisha hulipigapiga teke lile lundo na kulinusa kama bi harusi anayefukizwa udi. Lundo hilo ndilo mpaka wake, ndilo heshima yake. Kifaru asiye na lundo si kifaru, ni jiwe lenye miguu.

"Ahaa," akasema Fuko.

Jua lilipokuwa utosini, Kifaru akalala, khoro, khoro. Fuko akaingia chini. Akabandua mawe ya manjano kwenye kuta zake, akayasukuma. Chimba, chimba, sukuma. Chimba, chimba, sukuma. Huku akiimba:

Kilie kisilie, sihami!
Kilie kisilie, sihami!

Akayapanga yote chini ya lundo la Kifaru. Harufu ilimtoa machozi, na hayo ndiyo machozi pekee aliyotoa.

Siku ya kuhama ikafika. Wanyama wakajaa kilimani, wengine kumwonea huruma Fuko, wengine kuangalia kama ataiacha mizizi.

"Bwana Korongo," akasema Fuko, "sheria ilisema mkubwa kwa mdogo. Mbona kwa mheshimiwa hamjapima?"

Korongo wakatazamana. Mnunuzi hachoki kutaka zaidi. Wakaenda. Ti... ti... titi... Walipofika lundoni, TITITITITITI! Kisanduku kikatetemeka shingoni mwa Korongo mpaka manyoya yakamsimama.

"Hapa ndipo penyewe! Tunaanza hapa. Lundo hili liondoke leo."

"Lundo langu?" Kifaru akauliza.

"Ahame!" Swala akasema, amejificha nyuma ya wenzake.

"Mkubwa kwa mdogo!" akaitikia Ngiri. "Ahame!"

Kifaru akafura, fuuu! "Kisanduku hiki kinadanganya! Kinalilia mavi!"

"Kinadanganya, mheshimiwa?" akauliza Fuko.

"Kinadanganya kabisa!"

"Sema kwa sauti, walio nyuma hawajasikia."

"KISANDUKU KINADANGANYA!"

"Basi na kwangu kilidanganya," akasema Fuko. Akaingia shimoni kwake kupika.

Kifaru akakikanyaga kisanduku, pwaa! Korongo wakaruka, wakitukana kwa lugha yao, wakaenda kutafuta mbuga nyingine yenye kifaru wake.

Na yale mawe? Yapo palepale. Kifaru anayalinda kwa pembe yake mpaka leo, na kila asubuhi anayaongezea blanketi.

Funzo lake, wanangu: watiini wakubwa. Mkiambiwa hameni, fungasheni upesi. Na msifiche mali zenu chooni kwa mwenye cheo, ni utovu wa adabu.

Uongo wangu umeishia hapa. Nimeuacha mlangoni, atakayeukanyaga, afute mguu kabla ya kuingia.